Podikasti ya shule: simu au maiki, na nani ashike mkasi

Mwalimu akinitafuta kuhusu podikasti ya wanafunzi, yaani vile vipindi vya sauti vya kurekodi, swali la kwanza karibu kila mara ni ninunue maiki gani. Naelewa kabisa, maana hata mi nilianzia hapohapo. Nimeshaifanya hii kazi kwa njia mbili tofauti, mwaka wa kwanza na kompyuta moja, maiki moja nzuri na chumba tulichokihangaikia ufunguo, mwaka wa pili na simu tu, na hapa nataka niziweke hizo njia ubavu kwa ubavu ili uchague kulingana na watoto ulionao na muda ulionao, sio kulingana na video za watu wenye studio zao.

Nikwambie kabisa naegemea wapi ili usome ukijua. Kwangu kipimo cha podikasti ya shule sio sauti imekuwa safi kiasi gani, ni nani kashika mkasi. Yaani nani kaamua swali hili liulizwe, jibu lile likatwe pale, kipande hiki kitangulie. Kama ni mwalimu, basi hiyo ni podikasti ya mwalimu, watoto wameazimwa sauti tu. Kwahiyo kila chaguo hapa chini nalipima kwa hilo kwanza, mengine baadaye.

Maiki na kompyuta, au simu

Nianze na maiki kwa sababu ndo inaulizwa sana. Faida yake ipo na ni ya kweli, sauti inakuja imejaa, iko karibu, na anayesikiliza hachoki haraka. Ila maiki sio za aina moja na hapo wengi wanateleza. Kuna za kondensa, hizi zina masikio makali sana, studio nyingi zinatumia hizo, na zile za kuchomeka kwenye mikisa, kile kifaa cha kuchanganyia sauti, zinahitaji volti 48 kutoka kwenye mikisa yenyewe. Ukiiweka darasani itakuletea feni, kiti kinachoburutwa na mwenzako anayefundisha chumba cha pili. Alafu kuna za dainamiki, masikio yake mazito kidogo, zinasikia kilicho karibu na kilicho mbele yao, na kwa shule hizo ndo za kuchukua hata kama muuzaji anaisifia ile nyingine. Tafuta inayochomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta kwa USB, mambo ya mikisa yaache kwanza.

Shida ya maiki haiko kwenye sauti, iko kwenye foleni. Maiki moja ni kundi moja. Kipindi cha dakika 40 na makundi matano, kila kundi lina dakika 8, na ndani ya hizo 8 kuna kukaa, kujaribu sauti, kucheka, kuanza upya. Mwaka wangu wa kwanza kundi la mwisho lilikaa wiki tatu halijarekodi hata neno, na walipofika kwenye kiti yale maswali waliyokuwa nayo ya moto yalishapoa, wakasoma tu ilimradi wamalize. Lile kosa halikuwa lao, ulikuwa mpango wangu.

Simu inaivunja hiyo foleni. Ukiwa na simu tatu makundi matatu yanarekodi kwa wakati mmoja, mengine mawili yanasikiliza yalichorekodi jana na kuandika pa kukata, hakuna aliyekaa bure. Na simu inatembea, hapa ndo kwenye tofauti kubwa kuliko watu wanavyodhani. Kundi moja lilitaka kumuuliza mtunza maktaba kwa nini vitabu vya hadithi vinafungiwa kabatini. Mwaka wa maiki tulimwita chumbani, akakaa mbele ya ile maiki kwenye stendi yake, akajibu kama anasoma tangazo. Mwaka uliofuata wanafunzi wengine wakaibeba mada ileile wakamfuata mlemle maktaba, katikati ya kuongea akasema ngoja niwaonyeshe, akafungua kabati, na mlio wa ufunguo na mlango uko kwenye rekodi, alafu anaanza kutaja vitabu kimoja kimoja na vilivyopotea ni vipi. Ni swali lilelile na mtu yuleyule. Sauti ya mara ya pili ina kelele za watu wanaopita nyuma, lakini hakuna aliyesikiliza ile ya pili akaizima katikati.

Sasa simu nayo ina udhaifu wake. Maiki ya simu ni ndogo na inaokota kila kitu, kwahiyo dawa yake ni umbali. Shubiri moja kutoka mdomoni, na iwe pembeni kidogo ya mdomo sio mbele kabisa, ili zile P na B zisipasuke. Usiwaachie wanafunzi waiweke simu katikati ya meza wakae wanne kuizunguka, hiyo ndo inaharibu rekodi nyingi kuliko kitu kingine. Kila ukiongeza umbali mara mbili sauti ya mtu inashuka kwa desibeli 6 hivi, wakati mwangwi wa chumba na kelele za nyuma zinabaki palepale, kwahiyo anayesikiliza anasikia chumba kuliko mtu. Na kabla ya kubonyeza chochote weka simu kwenye modi ya ndege, maana kuna simu ambazo mtu akikupigia katikati ya mahojiano rekodi inakatika.

Kitu kingine ni jinsi ya kuhamisha faili. Wengi wanarekodi kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp kwa sababu ndo wanaoujua, ila ule unabanwa sana ili usafiri haraka na ukija kuuediti unasikika umebanwa. Tumia programu ya kurekodi ya simu yenyewe, alafu kama lazima upite WhatsApp itume kama dokumenti sio kama sauti. Rekodi ya WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, ikiwa ya chaneli moja, ile ya 44.1 kHz na biti 16, inakula kama MB 5 kwa dakika, MP3 iliyobanwa ya kilobiti 64 haifiki hata nusu MB, kwahiyo hifadhi ile kubwa mpaka mmalize kukata ndo mtoe ndogo ya kusambaza.

Kama shule hairuhusu simu za wanafunzi kuna njia ya katikati, zile rekoda ndogo za mkononi. Zina kitufe kimoja kikubwa cha kurekodi, zinaweka WAV kwenye kadi, hazina meseji za kumvuruga mtoto. Sauti yake huwa bora kuliko ya simu na rekoda inatembea kama simu. Kama shule inaweza kununua kitu kimoja tu na simu haziruhusiwi, ningechukua hiyo kabla ya maiki ya mezani.

Chumba au nje

Fupi tu hapa. Darasa tupu lenye kuta za plasta na sakafu ngumu ni pabaya kuliko nje, mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki kwa programu ya kawaida. Nje pana kelele lakini kelele za nje msikilizaji anazielewa, anajua hapa ni uwanjani. Adui wa nje ni upepo, kaeni upande wa jengo usiopigwa. Ndani tafuta maktaba, stoo ya magodoro, popote penye vitu laini au vitabu vingi. Na kila mkimaliza rekodini sekunde 30 za kimya cha mahali hapohapo, zitawaokoa kwenye kuediti mkitaka kuziba pengo.

Audacity, GarageBand, BandLab, au msiediti kabisa

Audacity, programu ya kukata na kupanga sauti, ilianza 1999 pale chuo cha Carnegie Mellon Marekani, Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg, ikatoka kwa watu mwaka 2000, na mpaka leo ni bure. Inakaa kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaiweka haihitaji intaneti. Sura yake haivutii, ila mtoto anaona wimbi la sauti lilivyo, anaona pumzi iko wapi, kimya kiko wapi, na hiyo inamfundisha kusikiliza kwa macho. Kikwazo kimoja cha kujua mapema, rekodi nyingi za simu zinatoka kama M4A na Audacity ya kwenye Windows haizifungui mpaka uongeze programu ya nyongeza inaitwa FFmpeg. Ongeza siku moja kabla ya kipindi, sio watoto wameshakaa.

GarageBand ni ya Apple, ipo tangu 2004, bure kwa mwenye Mac, iPhone au iPad, na ni rahisi kweli kwa muziki wa kufungulia. Tatizo ni kwamba haiko nje ya vifaa vya Apple, kwahiyo kama kundi lina mtoto mmoja mwenye iPhone, huyo ndo atakuwa mhariri mwaka mzima na wenzake watakuwa wanamwangalia. Kwa shule yenye iPad za darasa zima nitakwambia chukua hii na usiangalie nyuma.

BandLab inafanya kazi kwenye brauza na kwenye simu, na wanafunzi wawili wanaweza kuingia kwenye projekti moja kila mtu kwa kifaa chake, hicho ni kitu kikubwa. Lakini inataka akaunti na inataka intaneti, na kwa watoto wadogo suala la akaunti ni la kukaa na wazazi kwanza.

Alafu kuna la nne ambalo halitajwi, msiediti. Mnajipanga, mnarekodi kwa mkupuo mmoja, mkikosea mnaanza upya, mnatoa. Kwa kipindi cha kwanza kabisa mi ndo naanzia hapo siku hizi. Inawalazimisha kufanya mazoezi, inawafundisha kupokezana, na ndani ya wiki moja wana kitu cha kusikilizisha watu. Wakishasikia makosa yao wenyewe wanaanza kuuliza wao, hivi hapa hatuwezi kutoa hiki? Hapo ndo pa kuwaonyesha Audacity, wameshaijua njaa yake.

Na hapa ndo nirudi kwenye mkasi. Mwaka wa kwanza nilikuwa naediti mi mwenyewe nyumbani usiku, nikijiambia nawasaidia kuokoa muda, kompyuta ni moja bwana tutafanyaje. Nikasafisha kila kitu. Kulikuwa na kijana anaulizwa na mwenzake kwa nini alihama shule, akakaa kimya kama sekunde nne hivi ndo akajibu, na mi zile sekunde nne nikaziona ni tupu nikazitoa. Tulipocheza darasani akaniuliza, ticha mbona umenitoa pale nilipokuwa nafikiria? Sikuwa na jibu. Nilimrudishia kile kimya chake, nikawaambia wote kwamba kuanzia siku ile sitakata tena bila wao.

Tulichofanya baada ya hapo kinafanya kazi hata kama kompyuta ni moja shule nzima. Kundi linasikiliza rekodi yake kwenye simu, linaandika kwenye karatasi, dakika ya 1 sekunde 20 mpaka dakika ya 2 tunabaki nayo, hapa toa, jibu hili lipandishwe juu liwe mwanzo, hapa weka muziki. Wanabishana huko, na huo ubishi ndo somo lenyewe. Wanakuja kwenye kompyuta na karatasi imekamilika, anayebonyeza anafuata tu, na kazi ambayo ingekula vipindi vitatu inaisha kwa robo saa. Kwahiyo kuchagua kati ya programu hizi sio kuzito kama nilivyodhani mwanzo. Ukiwa na karatasi ya kukatia, programu yoyote inatosha, na usipokuwa nayo hata ile bora kuliko zote itaishia kwako usiku.

Kuandika kila neno, au pointi

Mwanafunzi mwenye aibu anaona usalama kwenye karatasi iliyoandikwa yote, na sio vizuri kumnyang'anya. Shida ni kwamba tumewafundisha kuandika insha, wakisoma insha kwenye maiki inasikika ni insha, "katika kipindi chetu cha leo tutaangazia", na sauti inanyooka kama rula. Pointi tupu nazo zinawafaa wasemaji, wengine wanakwama sentensi ya pili.

Ninachowapa ni hivi, andika sentensi ya kwanza na ya mwisho neno kwa neno, katikati pointi. Na kwa wale wanaotaka kuandika yote, wamsimulie rafiki kwanza bila karatasi, rafiki arekodi, alafu waandike walichosema sio walichokuwa wanafikiri waseme. Sentensi zitakuwa fupi zenyewe. Kiswahili cha mtoto kikibaki cha mtoto msikilizaji anaamini, hayo masahihisho ya sarufi mwalimu yaache kwa ajili ya daftari.

Mahojiano, simulizi, au mjadala wa mezani

Wanafunzi wakiachiwa wanachagua mjadala, wanne wanakaa wanaongea kuhusu mpira au mitihani. Kurekodi ni rahisi kuliko vyote na kusikiliza ni kugumu kuliko vyote, sauti zinapandana, mmoja anatawala, utani wao wa ndani mtu wa nje hauelewi. Kama wanautaka sana wawe wawili au watatu, na mmoja kazi yake iwe kuuliza tu.

Simulizi, ile ya msimuliaji mmoja akiwa na vipande vya sauti za watu na za mahali, ndo inatoka nzuri zaidi ila inadai kuandika, kurekodi na kukata, vyote vitatu. Iache muhula wa pili.

Mahojiano ndo ya kuanzia. Yanamtoa mtoto kwenye kujisikiliza anaenda kumsikiliza mtu mwingine, na ukubwa wake unajulikana. Tofauti ya mahojiano mazuri na mabaya mara nyingi iko kwenye neno la kwanza la swali. "Je, unaipenda kazi yako?" inaleta ndiyo. "Ilikuwaje siku yako ya kwanza hapa?" inaleta hadithi. Wape zoezi moja, kila swali linalojibika kwa ndiyo au hapana ligeuzwe, na swali la pili litoke kwenye jibu la kwanza, lisitoke kwenye karatasi. Hilo la mwisho ni gumu hata kwa watu wazima, msiwe na haraka nalo.

Urefu, kata. NPR, redio ya umma ya Marekani, imekuwa na shindano lake la podikasti za wanafunzi na iliweka kazi zisizidi dakika 8. Kwa kipindi cha kwanza hata 8 ni nyingi, dakika 4 au 5 zinatosha, na ukiwaambia 5 ujue wataleta 11, wacha waje nazo alafu waikate wenyewe mpaka ifike.

Darasa zima au klabu

Klabu ni raha, wanakuja wanaotaka, hakuna kelele, kazi inatoka haraka. Lakini wanaokuja ni walewale ambao sauti zao tayari zinasikika shuleni, wa mdahalo, wa maigizo. Darasani ni vurugu na utatoa nusu ya vipindi ulivyopanga, ila yule asiyenyoosha mkono mwaka mzima unamkuta ndo mwenye sikio la kujua pa kukata. Ningechagua darasa, na majukumu yazunguke kila kipindi, anayeuliza, anayeshika simu, anayeandika karatasi ya kukatia, anayetafuta mtu wa kuhojiwa. Asibaki mtu mmoja kuwa mtangazaji milele kwa sababu ana sauti nzuri.

Kuitoa kwa dunia nzima, au ibaki ndani

Podikasti kamili kiufundi ni faili la sauti pamoja na mlisho wa RSS, huo mlisho ndo unaoziambia programu za kusikilizia kwamba kuna kipindi kipya. Jina lenyewe sio la zamani sana, Ben Hammersley aliliandika kwenye gazeti la The Guardian mwaka 2004, na mwaka uliofuata Apple ikaziingiza podikasti kwenye iTunes. Siku hizi kuitoa ni rahisi, kwa mfano Spotify ilinunua huduma ya Anchor 2019 na sasa unaweka kipindi kupitia Spotify for Creators bila kulipa. Madogo wakisikia wanaweza kuwa kwenye Spotify wanafanya kazi mara mbili, hilo nimeliona na silidharau.

Lakini mlisho ukishatoka nje programu nyingine zinauchukua, watu wanapakua, na siku ukifuta kwako kilichopakuliwa hakifutiki. Na hii ni sauti ya mtoto, inasema jina lake, shule yake, saa ingine inasema mambo ya nyumbani kwake bila yeye kujua kwamba ameyasema. Kuibakiza ndani maana yake mnaicheza kwenye mkusanyiko wa asubuhi, mnawatumia wazazi linki isiyo ya wazi, mnaiweka kwenye kompyuta za maktaba. Wasikilizaji ni wachache ila ni watu wanaomjua anayeongea, na mtoto anaona uso wa anayemsikiliza.

Kwa mwaka wa kwanza nachagua ndani bila kusita. Ukitaka kutoka nje, jina la kwanza tu, ruhusa ya mzazi kwa maandishi, ruhusa ya aliyehojiwa pia maana hata yeye ana haki, na mtu mzima asikilize mwanzo mpaka mwisho kabla ya kupandisha. Muziki nao, ule wimbo wanaoupenda wote hauruhusiwi kuwekwa hata sekunde kumi za mwanzo bila ruhusa ya mwenye nao. Tafuteni wenye leseni ya Creative Commons, ile ambayo mwenye kazi anaruhusu wengine waitumie kwa masharti, na msome masharti yake, au bora zaidi tengenezeni wenu, kundi moja kwangu lilipiga dawati kwa penseli na viganja na huo ndo umekuwa muziki wa kufungulia mpaka leo.

Sababu nyingine ya kuanzia ndani niliijua mwaka huohuo wa simu. Binti mmoja alihojiwa na wenzake kuhusu kulea wadogo zake, alikubali, alisikiliza, akaridhia. Wiki mbili baadaye akanifuata mwisho wa kipindi akasema ticha naomba ile sehemu ya mama itoke. Hakutoa sababu na sikumuuliza. Kwa kuwa kipindi kilikuwa kwenye kompyuta za maktaba tu na rekodi ya asili tulikuwa nayo, tulikifungua palepale, nikamsogezea kiti na kipanya, akasikiliza kwa hedifoni mpaka alipofika, akaichagua ile sehemu, akaifuta mwenyewe.